Kilio na Shangwe Mahali Pamoja

Mazungumzo ya ibada yaliyotolewa redioni. Somo: Ezra 3:10-13

Popote mlipo saa hii, nyumbani, dukani, au barabarani mkingoja kuvuka mpaka pale Busia au Malaba, karibuni tukae pamoja kwa dakika hizi chache mbele ya Neno la Mungu.

Leo tunataka kuzungumza juu ya jambo ambalo wengi wetu tunalo moyoni, wala hatujalileta mbele za Mungu. Ni hamu ya mahali ambapo hapako tena kama palivyokuwa. Kila mtu mzima ana mahali pake. Kwa mmoja ni kijiji, kwa mwingine ni shule, kwa mwingine ni soko. Kwetu sisi ni mtaa wa kiwanda.

Sisi tunaowahudumia Wakristo hapa Bumala, asili yetu ni hapa hapa, lakini hatukukulia hapa. Tulikulia Webuye, kwa kuwa baba yetu alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha karatasi. Wazee kati yenu mnakumbuka mji huo ukiitwa Broderick Falls. Jina la kiwanda lililoandikwa lilikuwa Pan African Paper Mills, lakini midomoni mwa watu kilikuwa Panpaper tu. Serikali ya Kenya ilikianzisha pamoja na kampuni ya Birla kutoka India na shirika la Benki ya Dunia linalosaidia viwanda, nacho kikaanza kutoa karatasi mwaka 1974. Mahali palikuwa pamechaguliwa vizuri. Maji ya mto Nzoia yalikuwa karibu, reli ya kwenda Malaba ilipita hapo hapo, na misonobari ilikuwa ikikua katika misitu ya serikali. Watu zaidi ya 1,000 waliandikwa kazi, na baba yetu alikuwa miongoni mwao.

Basi sisi watoto tuliamka na kulala na mlio wa mitambo. Usiku na mchana haikunyamaza. Malori yaliyojaa magogo yalipita mbele yetu, nasi tulishindana kuyahesabu. Wakati wa kubadilishana shifti, barabara ilijaa baiskeli, hawa wakienda, hawa wakirudi. Madaftari tuliyoandikia shuleni, tulijiambia kwamba karatasi yake imetoka mikononi mwa baba zetu, tukajivuna sana.

Nyumba za wafanyakazi zilisimama kwa mistari, mlango ukitazama mlango. Mbukusu alipakana na Mjaluo, Mteso na Mkisii, Mkikuyu na Mmaragoli. Ukifanya ukorofi mbele ya mama yeyote, alikuchapa. Na habari ikifika nyumbani, ulichapwa mara ya pili. Jumapili asubuhi tuliachana kwenye njia panda, hawa kwa Waanglikana, hawa kwa Marafiki, hawa kwa Jeshi la Wokovu, hawa kwa Wakatoliki. Jioni tulikutana tena kwenye mpira wetu wa makaratasi ya nailoni. Na jua lilipokuwa likitua, uliingia nyumba yoyote iliyokuwa karibu ukanawa mikono, ukala. Tulijua ladha ya ugali wa kila nyumba. Hakuna aliyeuliza, "Huyu ni mtoto wa nani?"

Hayo ndiyo tuliyokua nayo. Lakini mnajua habari zilizofuata. Madeni yalikilemea kiwanda, umeme ukakatwa, na mwaka 2009 mitambo ikasimama. Mwaka 2010 ikawashwa tena, na matumaini ya watu yakawa makubwa, lakini haikudumu. Mwaka 2016 kiwanda kikauzwa kwa wenye mali wapya, na sehemu ya kazi ikarudi. Tunamshukuru Mungu kwa kila mtu aliyepata mkate wake hapo. Lakini ule mtaa wetu haukurudi. Watu walikuwa wamekwisha kutawanyika, kila mmoja kwao.

Miaka michache iliyopita, baada ya kumzika baba yetu, sisi ndugu wa tumbo moja tulikubaliana jambo. Tuliwachukua watoto wetu tukaenda nao Webuye, ili tuwaonyeshe mahali tulipokulia. Njiani tuliwasimulia mengi. Tulipofika, wakatazama ile mistari ya nyumba, rangi imebabuka, majani yameota kwenye mitaro. Mmoja wao akauliza kwa adabu, "Baba, ni hapa tu?" Kisha wakaomba soda.

Katika nyumba moja tulimkuta mama aliyekuwa jirani yetu. Yeye hakuondoka. Alikuwa ameketi mlangoni akichambua kunde za kuuza. Alitutambua mmoja mmoja, akatuita kwa majina yetu ya utotoni, akalia kidogo, akacheka. Tukaketi kwenye mkeka wake, tukaanza kusifu siku za zamani. Tukamwambia, "Mama, siku zile zilikuwa nzuri sana. Watu walipendana. Mtoto alikula popote."

Mama yule alinyamaza, akaendelea kuchambua kunde. Halafu akasema, "Zilikuwa nzuri kwenu, wanangu. Ninyi mlikuwa mmelala."

Tukamwuliza maana yake. Akatuambia kwamba mwisho wa mwezi akina mama wa mtaa ule walikuwa wakisimama kando ya njia, kila mmoja akimvizia mumewe apate fedha za unga kabla hazijafika kwenye pombe. "Mama yenu naye," akasema, "tulisimama naye hapo mara nyingi, ninyi mkiwa mgongoni." Kisha akatutazama. "Na ule ugali mliokuwa mkila kwangu, mlipata kujua ni kwa nini mlikula kwangu? Ni kwa sababu wiki ile kwenu hakukuwa na unga. Mama yenu alinikonyeza tu, nami nikawaita kama ninayewaita kucheza. Na wiki nyingine wangu walikuja kwenu. Ndivyo tulivyoishi."

Wapendwa, tulinyamaza. Mtu wa miaka arobaini na zaidi, mchungaji aliyesoma chuo cha theolojia, aliyezika watu na kufungisha ndoa, amekaa mkekani na hana neno la kusema. Miaka yote tulikuwa tukisimulia habari ya ugali ule kama ushahidi wa siku za neema. Kumbe ulikuwa ushahidi wa njaa, na wa akina mama walioificha njaa ile watoto wasiione.

Tulipokuwa tukirudi Bumala, Neno la Mungu lilitujia kutoka kitabu cha Hesabu, mlango wa 11. Wana wa Israeli walikuwa jangwani, nao wakaanza kulia kwa kutamani chakula cha Misri. Walikumbuka samaki waliokula bila kulipa kitu. Walikumbuka matango na matikiti na vitunguu. Waliyataja kwa majina, moja moja. Lakini tafuta katika orodha yao, ndugu msikilizaji. Je, walikumbuka matofali? Walikumbuka wasimamizi waliowapiga? Walikumbuka watoto wachanga wa kiume ambao Farao aliamuru watupwe mtoni? Hayo hayamo. Tumbo lilikuwa limekumbuka, lakini mgongo ulikuwa umesahau.

Hamu ya zamani ndivyo ilivyo. Haisemi uongo mtupu, kwa maana samaki walikuwako kweli, na matango yalikuwako. Bali inachagua. Sisi tunakumbuka mshahara wa Webuye, tunasahau kwamba wakazi walilalamika miaka mingi juu ya moshi na harufu, na juu ya mabati yao kuliwa na kutu. Tunakumbuka majirani wa kila kabila, tunasahau kwamba mwaka 1992 katika wilaya ile ile ya Bungoma, upande wa Mlima Elgon, watu walifukuzana na kuchomeana nyumba kwa sababu ya kabila. Mhubiri alituonya katika mlango wake wa 7, mstari wa 10, kwamba anayeuliza kwa nini siku za kale zilikuwa bora kuliko hizi hakuuliza kwa hekima. Yeye alijua kwamba mwenye kuuliza hivyo amekwisha kuiandika orodha yake, na mengi ameyaacha nje.

Lakini hamu hii inaweza kufanya jambo baya zaidi ya kusahau. Inaweza kuifunga mikono ya mtu.

Mitambo iliposimama, baba yetu alikataa kurudi nyumbani. Mama alirudi huku Bumala akaanza kulima peke yake. Baba alipanga chumba Webuye, akangoja. Alituambia kwamba usiku ule wa kwanza bila mlio hakupata usingizi, kwa maana masikio yake yalikuwa yakiutafuta. Kila asubuhi aliamka saa ya shifti, akavaa viatu vyake vya kazi, akatembea mpaka karibu na lango, akasimama pamoja na wazee wenzake. Kilipofunguliwa mwaka 2010 alitupigia simu akisema, "Si niliwaambia?" Kiliposimama tena, hakupiga simu.

Sisi watoto tulikasirika. Tulimwambia maneno makali. Tulimwambia kwamba amemwachia mama mzigo, na kwamba shamba lake limekuwa pori. Mengine tuliyomwambia hatuwezi kuyataja redioni. Tulidhani sisi tuna hekima na yeye hana. Kumbe tofauti yetu ilikuwa ndogo. Yeye aliingojea Webuye yake kwa miguu langoni. Sisi tuliingojea yetu moyoni, huku tukilaumu kila mahali tulipokaa kwa kuwa hapakuwa kama kule. Tunakiri mbele yenu kwamba hata miaka ya kwanza ya utumishi wetu tulikuwa tukiwaambia Wakristo, "Kule tulikokulia watu walipendana kuliko hapa." Mtu hawezi kulichunga kundi analolilinganisha kila siku na kundi lingine.

Baba alirudi Bumala kwa ajili ya mazishi ya ndugu yake. Alipofika kwenye njia ya nyumbani kwake, watoto wa jirani walikuwa wakicheza hapo. Mmoja akamkimbilia mama yetu akamwambia, "Nyanya, kuna mgeni." Mgeni huyo alikuwa mwenye boma. Baba alisimama pale muda mrefu. Aliyatazama majani yaliyofunika mpaka wa shamba lake. Mazishi yalipokwisha hakurudi Webuye.

Mvua zilipoanza, alikwenda sokoni akanunua miche ya miti. Tulimwuliza, "Baba, mbona miti, na chakula hakitoshi?" Akasema, "Maisha yangu yote ya kazi nimesaga miti. Acheni sasa nipande." Alipanda mstari mmoja kando ya mpaka, na mahindi na maharagwe akapanda pamoja na mama. Hakuacha kuizungumzia Webuye. Mpaka siku zake za mwisho alikuwa akisimulia, na mara nyingine machozi yalimtoka. Lakini alisimulia akiwa na jembe mkononi.

Sasa tufungue somo letu la leo, Ezra mlango wa 3. Watu wa Mungu wamerudi kutoka Babeli. Nyumba ya Bwana ambayo Sulemani aliijenga ilikuwa imeteketezwa yapata miaka 50 iliyopita. Wajenzi wanaweka msingi mpya. Makuhani wamevaa mavazi yao, wana tarumbeta, na Walawi wana matoazi. Watu wanamwimbia Bwana. Ndipo Biblia inatueleza jambo la ajabu. Wazee wengi walioiona nyumba ya kwanza kwa macho yao walilia kwa sauti kuu, na wakati ule ule watu wengine wengi walipiga kelele za furaha, hata mtu hakuweza kutenga sauti ya furaha na sauti ya kilio. Kelele ikasikiwa mbali.

Tuangalie mambo mawili hapo.

La kwanza, katika mlango huo hakuna mtu aliyewakemea wazee wale. Hakuna aliyewaambia, "Nyamazeni, mnaharibu sherehe." Walikuwa na haki ya kulia. Nyumba ile ilikuwa nzuri kweli, nao waliipoteza kweli. Ndugu mpendwa, ikiwa unalilia kazi iliyokwisha, au mtaa uliotawanyika, au jirani asiyekuwako tena, Mungu hakuchukii kwa machozi hayo. Yalete kwake. Bwana Yesu mwenyewe aliulilia mji.

La pili, wazee wale walilia wakiwa wapi? Walilia pale pale penye msingi. Hawakubaki Babeli wakisimulia habari za Sulemani. Walikuja. Machozi yao yalianguka juu ya kazi mpya, na kilio chao na shangwe za vijana vikawa sauti moja iliyosikiwa mbali. Hapo ndipo mahali pa kulilia, ndugu zangu. Lia, lakini lilia penye msingi.

Tuyalete haya nyumbani. Sisi wa sehemu hizi tuna mitaa yetu iliyokwisha. Wazee wanakumbuka nchi ya Busia ilipokuwa nchi ya pamba. Baadaye ikaja miwa. Kiwanda cha Mumias kilianza kazi mwaka 1973, na nyumba nyingi za huku zilisomesha watoto kwa miwa. Kisha kikadhoofika, na mwaka 2019 kikawekwa mikononi mwa msimamizi kwa sababu ya madeni. Kikakodishwa, kikaanza tena kusaga mwaka 2022, na tunaombea wote wanaokitegemea. Lakini katika miaka ile ya kungoja, ni mashamba mangapi yalilala bure? Ni wazee wangapi walisimama langoni kama baba yetu?

Wapo wengine hapa. Kijana wa bodaboda anayesimama kwenye njia panda ya Bumala, akitazama magari yanayotoka Kisumu kwenda Busia, hakuziona siku zile tunazozisifu. Tukimwambia kila siku kwamba mambo mazuri yalikwisha kabla hajazaliwa, tumemwachia nini? Siku hizi anazoziona ndizo utoto wake na ujana wake. Baada ya miaka 30 naye atakuwa mtu mzima mwenye mahali pake pa kukumbuka. Pale atakapopakumbuka ni hapa. Na majirani atakaowakumbuka ni sisi.

Kwa hiyo tunawaomba mambo matatu wiki hii.

Ninyi wazee, wasimulieni watoto habari zote. Wasimulieni mshahara, na wasimulieni pia deni na pombe na unga uliokwisha. Habari nusu humfanya mtoto adharau siku zake mwenyewe.

Ninyi mnaongoja lango lifunguliwe, endeleeni kuomba, lakini pandeni kitu mkiwa mnaomba. Likifunguliwa, mtakuwa na mavuno na kazi. Lisipofunguliwa, mtakuwa na mavuno.

Na sisi sote, tuangalie nyumba iliyo karibu nasi. Inawezekana wiki hii hakuna unga huko. Usitangaze. Usimwaibishe mama wa watu. Waite watoto wake kama unayewaita kucheza, wakae na wako, wale. Kile tulichokipenda Webuye hakikutengenezwa na mitambo. Kilitengenezwa na akina mama wawili waliokonyezana. Kwa kufanya hivyo hatuhitaji kungoja mwekezaji yeyote.

Siku ile Webuye, tulipokuwa tukiaga, mama yule alimfungia mmoja wetu kunde katika karatasi. Tulitaka kulipa, akakataa. Akasema, "Hizi ni za mama yenu. Mwambieni nimemkumbuka." Tulimpelekea. Mama yetu alizipokea kwa mikono miwili, akaketi, hakusema neno. Kisha akatuma mtoto kwa jirani kuwaita watoto wa huko, kwa maana kunde zilikuwa nyingi kwa nyumba moja. Watoto wale walikula, wakatoka wakaenda kucheza chini ya ile miti ya baba.

Tuombe.

Ee Bwana Mungu wetu, unayejua mahali tulikozaliwa na mahali tulikokulia, tunakushukuru kwa mema uliyotupa siku zile, na kwa wale waliotulisha bila sisi kujua. Utusamehe pale tulipozidharau siku ulizotupa sasa. Uwafariji waliopoteza kazi na makao. Uwape wanaongoja subira, na mikono yao uipe kazi. Tufanye kuwa majirani wema hapa ulipotuweka, ili watoto wetu wawe na jema la kukumbuka. Tunaomba kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.